Blár na Bláur: Historia ya Kivumishi cha Rangi katika Lugha za Visiwa vya Kaskazini

Miongoni mwa vivumishi ambavyo Kiaislandi na Kifaroe vimerithi kutoka kwa wazazi wao wa pamoja, kimo kimoja kifupi sana ambacho leo hutaja rangi ya buluu, nacho huandikwa "blár" na Waaislandi na "bláur" na Wafaroe. Wasemaji wa Kiaislandi hawafiki 400,000, na wale wa Kifaroe, wakaao katika Visiwa vya Faroe kati ya Scotland na Aislandi, ni makumi machache ya maelfu. Hata hivyo lugha hizi mbili zina thamani kubwa kwa wanaisimu, kwa sababu zimehifadhi sehemu kubwa ya sarufi ya kale ambayo ndugu zao wa Denmark, Norway na Sweden waliiacha zamani. Kivumishi hiki kinastahili kusimuliwa peke yake kwa kuwa umbo lake limebadilika kidogo mno katika muda wa miaka elfu moja, ilhali maana yake imehama mbali, kiasi kwamba msomaji wa leo anayekutana nacho katika maandishi ya karne ya 13 na kukipa maana ya leo ataona mbele ya macho yake rangi ambayo mwandishi hakuikusudia.

Asili yake iko katika Kigermaniki cha asili, lugha isiyoandikwa ambayo wanaisimu wameiunda upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa nayo, kama vile Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia. Huko neno linakisiwa kuwa lilitamkwa "blēwaz", likiwa na irabu ndefu, kisha konsonanti w, kisha kiishio cha kiume "-az". Wataalamu wengi hulihusisha na neno la Kilatini "flavus", ambalo maana yake ni manjano. Uhusiano huo humshangaza mtu anayefikiri kwamba majina ya rangi yamefungwa tangu mwanzo kwenye vipande maalumu vya upinde wa mvua. Lakini historia ya lugha nyingi inaonyesha kwamba maneno ya namna hii kwanza hutaja mng'ao, weupe, giza au kufifia kwa kitu, na ni baadaye tu yanapobanwa kwenye rangi moja.

Katika lugha za Kigermaniki za magharibi na kaskazini irabu ē ndefu iligeuka kuwa ā ndefu, na ndipo Kijerumani cha kale cha juu kikawa na "blāo". Upande wa Skandinavia mabadiliko yaliendelea zaidi: irabu ya kiishio ilidondoka, w nayo ikapotea baada ya irabu ndefu, na z ya mwisho ikawa r. Matokeo yake ni "blár", umbo la Kinorsi cha Kale, yaani lugha ya Waskandinavia wa zama za Waviking. Lugha hiyo ndiyo iliyosafirishwa na wahamiaji, wengi wao wakitoka pwani ya magharibi ya Norway, walipokwenda kukaa Visiwa vya Faroe katika karne ya 9 na Aislandi kuanzia takribani mwaka 870. Walowezi wa visiwa vyote viwili walikuwa wakisema "blár" kwa namna moja, na tofauti zinazoonekana leo zilizaliwa baada ya bahari kuwatenganisha.

Msemaji wa Kiswahili ana sababu ya kuielewa sarufi ya kivumishi hiki upesi kuliko Mwingereza, kwa sababu anajua tangu utotoni kwamba kivumishi hakisimami peke yake bali hufuata nomino: mtu mweusi, kitabu cheusi, vitabu vyeusi, nguo nyeusi. Katika Kiaislandi na Kifaroe upatanisho huo huonyeshwa mwishoni mwa neno, nao hutegemea mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni jinsia ya kisarufi, kwani kila nomino ni ya kiume, ya kike, au ya kundi la tatu lisilo la kiume wala la kike, bila kujali kwamba kitu chenyewe hakina uhai. La pili ni umoja na wingi. La tatu, ambalo halimo katika Kiswahili, ni hali ya nomino katika sentensi, yaani kama nomino hiyo ni mtenda, mtendwa, mpokeaji au mmilikaji, ambapo Kiswahili huonyesha mahusiano hayo kwa mpangilio wa maneno, kwa viambishi vya kitenzi na kwa vihusishi.

Kwa hiyo Mwaislandi husema "blár bíll" kwa gari la buluu, kwa kuwa gari ni la kiume, "blá bók" kwa kitabu, kwa kuwa kitabu ni cha kike, na "blátt hús" kwa nyumba, ambayo iko katika kundi la tatu. Mfaroe husema "bláur bilur", "blá bók" na "blátt hús". Gari likiwa mtendwa, lugha zote mbili huwa na "bláan". Likiwa katika hali ya mpokeaji huwa na "bláum". Magari mengi yakiwa watenda ni "bláir", na vitabu vingi ni "bláar", katika lugha zote mbili. Mtu aliyejifunza kimojawapo anaweza basi kusoma kingine bila kupotea, ingawa akiwasikiliza wasemaji wake atapata shida kubwa, kama itakavyoonekana.

Herufi u iliyomo katika "bláur" ya Kifaroe na isiyomo katika "blár" ya Kiaislandi inabeba historia yake. Katika Kinorsi cha Kale kiishio cha kiume kilikuwa r tupu, hata baada ya konsonanti, hivi kwamba jekundu liliitwa "rauðr" na jeusi "svartr". Matamshi hayo yalikuwa mazito, na kuanzia karibu mwaka 1300 irabu u ilianza kupachikwa kati ya konsonanti na r, yakapatikana "rauður" na "svartur" ya Kiaislandi cha sasa. Maneno ambayo mzizi wake uliishia kwa irabu ndefu hayakuhitaji msaada huo, kwa hiyo Waaislandi waliyaacha yalivyokuwa: "blár", "grár" la kijivu, "nýr" la kitu kipya. Wafaroe walifanya vingine. Kwao "-ur" ilikwisha kuhesabiwa kuwa ndiyo alama ya kivumishi cha kiume, nayo ikasambazwa hata kwa maneno yasiyoihitaji kimatamshi, yakatokea "bláur", "gráur" na "nýggjur". Wanaisimu huita jambo hili mlinganisho, yaani neno kuvutwa na mfano wa maneno yaliyo mengi, na ni mojawapo ya nguvu kubwa zinazoiunda sarufi ya lugha yoyote.

Umbo la kike linaficha jambo jingine. Anayejifunza Kiaislandi hufundishwa mapema kwamba vivumishi vyenye irabu a hubadilisha irabu hiyo katika umbo la kike, ndiyo maana "svartur" ya kiume huwa "svört" ya kike, na katika Kifaroe "svartur" huwa "svørt". Sababu yake ni kwamba zamani umbo la kike liliishia kwa u, na u hiyo, kabla ya kudondoka, iliivuta irabu iliyoitangulia ikatamkwa kwa kuviringisha midomo. Mtu angetarajia basi kwamba "blár" nayo ingekuwa na umbo la kike lenye irabu tofauti, na kweli lilikuwepo: katika Kinorsi cha Kale cha mwanzo umbo la kike lilitamkwa kwa irabu ndefu iliyoviringwa, iliyo kati ya a na o. Mwandishi asiyejulikana jina, aliyetunga katika karne ya 12 huko Aislandi risala ambayo wataalamu huiita Risala ya Kwanza ya Sarufi, alisisitiza kwamba irabu hizo mbili zipewe herufi tofauti, na akaonyesha kwa jozi za maneno jinsi maana inavyobadilika zikichanganywa. Haikupita miaka mingi zikaungana katika matamshi, na tangu hapo kiume na kike cha neno hili hutofautishwa kwa kiishio tu. Bila risala hiyo, ambayo ni miongoni mwa kazi bora kabisa za isimu zilizoandikwa Ulaya katika zama za kati, ushahidi wa hatua hii ungekuwa haba sana.

Umbo la kundi la tatu, "blátt", lina t mbili kwa sababu kiishio t, kikifuata irabu ndefu yenye mkazo, hurudufika. Ndivyo ilivyo pia kwa "grátt" na "nýtt". Katika lugha zote mbili t hizo hutanguliwa na pumzi fupi kama h, jambo ambalo mgeni hulisikia mara moja. Matamshi ya lugha hizi yanaachana zaidi katika irabu yenyewe. Irabu á ya Kinorsi cha Kale, iliyokuwa a ndefu tu, leo kwa Mwaislandi hutamkwa "au", na kwa Mfaroe hutamkwa "oa" inapokuwa ndefu, ila katika "blátt", ambapo silabi imefungwa na konsonanti mbili, Mfaroe huifupisha ikawa o tu. Herufi zimebaki zilezile kwa sababu V. U. Hammershaimb, kasisi na mwanazuoni wa Kifaroe, alipopendekeza tahajia ya lugha yake mwaka 1846, aliijenga juu ya asili ya maneno na kuifanya ikaribiane na ile ya Kiaislandi, badala ya kufuata matamshi. Uamuzi wake umelaumiwa na walimu wengi kwa sababu humlazimisha mtoto kuandika asichokisikia, lakini ndio uliowawezesha Wafaroe, ambao tangu Matengenezo ya Kanisa katika karne ya 16 walikuwa wakisali na kuhukumiwa kwa Kidenmark, kuuona undugu wa lugha yao na maandishi makuu ya kale.

Kifaroe kimepunguza pale Kiaislandi kilipohifadhi. Hali ya mmilikaji, ambayo Mwaislandi huitumia kila siku na ambayo humpa "blás" na "blárrar", imekaribia kutoweka katika usemi wa Wafaroe, nao badala yake hutumia kihusishi. Katika hali ya mpokeaji ya kundi la tatu Mwaislandi husema "bláu", lakini Mfaroe amelinganisha kundi hilo na la kiume na kusema "bláum" kwa yote mawili. Umbo la kulinganisha, yaani la buluu zaidi, ni "blárri" katika Kiaislandi na "bláari" katika Kifaroe, na kila moja linafanana kabisa na umbo la kike la mpokeaji, kwa hiyo msikilizaji hutegemea maneno yaliyo jirani ili kujua lipi limekusudiwa.

Zaidi ya hayo, kila kivumishi kina seti mbili za viishio, ambazo wanasarufi huziita imara na dhaifu. Seti imara, ambayo ndiyo iliyoelezwa hadi hapa, hutumika kitu kinapotajwa bila kubainishwa. Seti dhaifu hutumika kitu kinapojulikana. Mwaislandi akisema "blár bíll" anataja gari lolote la buluu, na akisema "blái bíllinn" anataja lile gari la buluu linalofahamika, ambapo "-inn" iliyobandikwa mwishoni mwa nomino ndiyo alama ya ujulikano. Mfaroe huongeza kiashiria mbele na kusema "tann blái bilurin", hivyo ujulikano ukaonyeshwa mara tatu: kwa kiashiria, kwa kivumishi na kwa kiambishi cha nomino. Wageni wengi wameliona umbo dhaifu bila kulitambua, kwa sababu limo katika jina la Bláa lónið, ziwa la maji moto karibu na mji wa Grindavík linalopendwa na watalii. Ziwa hilo lilitokana na maji yaliyomwagwa na kituo cha nishati ya jotoardhi cha Svartsengi kilichoanzishwa miaka ya 1970, na ndani ya jina la kituo hicho limo neno "svart", jeusi, kwa hiyo vivumishi viwili ambavyo zamani vilikaribiana sana kimaana vimekaa jirani juu ya ardhi moja.

Ukaribu huo wa kimaana ndio kiini cha historia ya neno hili. Katika Kinorsi cha Kale "blár" ilitaja eneo pana la rangi za giza, kuanzia buluu iliyoiva hadi nyeusi. Kunguru mkubwa wa kaskazini, ndege asiye na unyoya wa buluu, aliitwa kwa kivumishi hiki, na katika shairi la kale linalohusishwa na Bragi, mmoja wa washairi wa kwanza kabisa wa Norway wanaojulikana kwa jina, ndugu wawili wenye nywele nyeusi wanaitwa "hrafnbláir", yaani wenye rangi ya kunguru. Snorri Sturluson (1179–1241), mwanahistoria mkuu wa Aislandi, anamweleza Hel, mtawala wa kuzimu, kuwa nusu ya mwili wake ina rangi ya kawaida ya ngozi na nusu ni "blá", na hapo maana iliyo wazi ni rangi ya maiti au ya ngozi iliyovilia damu. Maana hiyo ya kuvilia ingali hai, kwani hata leo Mwaislandi aliyepigwa husemwa kuwa "blár og marinn".

Msomaji wa Afrika Mashariki anayekumbuka kaniki, nguo iliyotiwa nili ikaiva hata watu wakaiita nyeusi, hataona ajabu kwamba macho ya watu wa kale yalikusanya buluu nzito na weusi chini ya neno moja. Skandinavia nayo ilikuwa na rangi ya aina hiyo. Katika kaburi la merikebu ya Oseberg huko Norway, lililofungwa mwaka 834 na kufukuliwa mwaka 1904, zilipatikana mbegu za mmea uitwao kitaalamu Isatis tinctoria, ambao majani yake hutoa rangi ileile iliyomo katika nili, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Nguo ilichovywa mara nyingi ikazidi kuwa nzito, na nguo ya namna hiyo ilikuwa ya gharama. Katika sagha, yaani masimulizi marefu ya nathari yaliyoandikwa Aislandi hasa katika karne ya 13, mhusika aitwaye Hrafnkell huvaa mavazi ya rangi hii siku anapopanda farasi kwenda kumuua mchungaji wake, mhusika mwingine, Glúmr, hujitupia joho lake la rangi hiyohiyo kabla ya kumwaga damu, na mungu Óðinn hujitokeza mbele ya wanadamu akiwa amevaa joho la aina hiyo. Wasikilizaji wa zamani walijua mara moja kwamba mauti yalikuwa karibu, kwa sababu neno lilibeba giza ndani yake. Tafsiri za kisasa zinazomvisha muuaji nguo ya buluu ya kawaida hulipoteza onyo hilo lote, na hiyo ni hasara kubwa.

Neno lilielekezwa pia kwa watu. Waskandinavia waliwaita Waafrika, na mara nyingine Waislamu wa Afrika ya kaskazini na Hispania, "blámenn", na nchi za kusini waliziita "Bláland", jina ambalo Snorri analitaja mwanzoni mwa historia yake ya wafalme wa Norway. Katika kitabu hichohicho mfalme Sigurðr, aliyeondoka Norway mwaka 1107 kuelekea Yerusalemu, anasimuliwa akipigana na "blámenn" katika kisiwa cha Formentera. Katika matumizi ya awali neno hilo lilitaja ngozi nyeusi kwa kivumishi kilekile kilichotaja kunguru na joho. Lakini katika hadithi za kubuni za karne zilizofuata "blámaður" aligeuzwa kuwa pandikizi la mtu la kutisha, karibu sawa na jinamizi, na waliotunga hivyo wengi wao hawakuwahi kumwona Mwafrika maishani mwao. Ni haki kulitamka jambo hili waziwazi, kwa sababu historia ya neno ikielezwa kwa viishio pekee huwaacha nje watu waliobebeshwa neno lenyewe. Leo Waaislandi huliona "blámaður" kuwa neno la kudhalilisha, na halitumiki tena katika lugha ya heshima.

Maana ilipunguzwa polepole. Tangu karne ya 12 na ya 13 buluu iling'aa Ulaya kuliko ilivyokuwa kabla, katika vioo vya makanisa, katika vazi la Bikira Maria na katika nembo za wafalme wa Ufaransa, nayo biashara ya nguo ikaifikisha kaskazini. Kadiri buluu angavu ilivyohitaji jina lake, "blár" iliisogelea na kuuachia "svartur" weusi wote. Kufikia zama za sasa mabadiliko yalikuwa yamekamilika, hata mshairi Einar Benediktsson alipopendekeza mwaka 1897 bendera ya Aislandi yenye msalaba mweupe juu ya uwanja wa buluu, wananchi waliiita Hvítbláinn, bendera ya nyeupe na buluu, na hakuna aliyewaza kunguru wala maiti.

Mfalme Haraldr wa Denmark, aliyefariki karibu mwaka 986, ndiye aliyelisambaza neno hili kwa mbali bila kujua. Lakabu yake, inayoonekana katika maandishi ya karne ya 12, ilikuwa "blátönn", na maana yake ya asili yumkini ni jino jeusi au lililooza. Wahandisi wa miaka ya 1990 walipotafuta jina la mfumo wa kuunganisha vifaa bila waya walitafsiri lakabu hiyo kwa Kiingereza kuwa Bluetooth, kwa maana ya leo ya kivumishi, na nembo yake wakaiunda kwa herufi mbili za kiruni, yaani za maandishi ya kale ya Skandinavia, zinazoanza jina na lakabu ya mfalme huyo.

Tawi jingine la ukoo huu lilipita njia tofauti. Wafranki, watu wa Kigermaniki waliotawala Gaul baada ya Warumi, walikuwa na neno lao la mzizi uleule, nalo likaingia katika lahaja za Kilatini za huko na kuwa "bleu" ya Kifaransa. Waingereza, ambao neno lao wenyewe la asili hiyo lilikuwa limefifia, waliazima lile la Kifaransa katika zama za kati, wakati Waskoti walikuwa na "blae", waliyoipata kwa Waskandinavia na ambayo ilibaki na maana ya rangi nzito ya kuvilia. Kutoka Kiingereza ndipo Kiswahili kikapata "bluu" au "buluu", ikakaa pembeni mwa "samawati" yenye asili ya Kiarabu. Kiswahili hakikuipa viambishi vya upatanisho kama kilivyovipa "-eusi", "-eupe" na "-ekundu", bali kiliifanya nomino inayounganishwa kwa "-a", hivyo husemwa kalamu ya buluu na vitabu vya buluu, neno lenyewe lisibadilike hata kidogo, ilhali jamaa yake wa Tórshavn ya Wafaroe na Reykjavík ya Waaislandi angali akibadilisha kiishio kila nomino inapobadilika.